Mswada Wenye Jina la Seneta Pinckney: Barua ya Wazi kwa Seneti ya South Carolina

Kwa Waheshimiwa Maseneta wa Jimbo la South Carolina,
Jengo la Bunge, Columbia.



YAH: MSWADA WA UHALIFU WA CHUKI ULIOPEWA JINA LA CLEMENTA C. PINCKNEY

Jumatano ya tarehe 17 Juni 2015, Seneta Clementa Pinckney alikuwa Columbia kwa shughuli za Seneti, na jioni akarejea Charleston kwenye funzo la Biblia katika Kanisa la Emanuel la A.M.E., ambalo alikuwa mchungaji wake tangu 2010. Saa 2 usiku ilipokuwa imepita kwa dakika chache, aliingia kijana mweupe wa miaka 21 ambaye hakuna aliyemfahamu. Alipewa kiti karibu na mchungaji, akapewa Biblia na karatasi ya somo la usiku huo, mfano wa mpanzi katika Injili ya Marko, sura ya 4. Alikaa nao karibu saa nzima. Walipofumba macho kwa sala ya kufungia, alichomoa bastola akapiga risasi zaidi ya 70, akibadilisha magazini moja baada ya nyingine.

Watu 9 waliuawa, wote weusi. Seneta alikuwa na miaka 41. Pamoja naye walikuwamo mkutubi wa maktaba ya umma, kocha wa riadha wa shule ya sekondari, mchungaji mstaafu wa miaka 74, mama aliyekuwa akilitunza jengo la kanisa kwa miaka mingi, na bibi wa miaka 87. Alikuwamo pia kijana wa miaka 26 aliyekuwa ametoka kumaliza chuo, na ambaye alijaribu kuzungumza na muuaji hadi dakika ya mwisho. Walionusurika walikuwa 5, na wawili kati yao ni watoto. Mmoja wa walionusurika, mama mtu mzima, aliachwa makusudi ili akasimulie.

Muuaji, ambaye barua hii haimtaji jina, alikamatwa kesho yake katika mji wa Shelby, North Carolina. Hakuficha nia yake. Alikiri kwamba alilichagua Kanisa la Emanuel kwa sababu ya historia yake, na kwamba alitaka kuchochea vita kati ya weupe na weusi. Katika picha alizojipiga alivaa jaketi lenye bendera mbili, moja ya Afrika Kusini ya makaburu na nyingine ya Rhodesia, na tovuti yake aliipa jina la Mrhodesia wa mwisho. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa serikali hizo zilikuwa za namna gani. Vyama vya ukombozi vilivyozipiga vita vilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo tangu 1963. Muuaji alizaliwa Aprili 1994, mwezi uleule ambao Waafrika Kusini wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza, na Rhodesia ilikuwa imekwisha kufa miaka 14 kabla yake. Hakuishi katika tawala hizo hata siku moja. Alizipata kwenye intaneti, pamoja na takwimu potofu za uhalifu wa watu weusi zilizokuwa zikienezwa na vikundi vya wabaguzi, akazifanya dini yake.

Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 10. Juni 2025, kumbukumbu ya mwaka wa 10 ilipofanyika, South Carolina ilikuwa bado moja ya majimbo mawili tu ya Marekani, pamoja na Wyoming, yasiyo na sheria ya uhalifu wa chuki. Mswada wa kuiweka sheria hiyo una jina la seneta aliyeuawa, na chumba kilichoukwamisha ni kile alichokuwa na kiti chake. Hoja zinazofuata zinaeleza kwa nini jambo hilo halivumiliki, na mwishoni zimewekwa haja zinazoombwa.

1. Seneti imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka inaweza

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 2015 kiti cha Seneta Pinckney kilikuwa kitupu, na meza yake ilikuwa imefunikwa kitambaa cheusi. Tarehe 24 Juni jeneza lake lilifikishwa katika jengo la bunge ili watu watoe heshima za mwisho. Bendera ya Marekani na bendera ya jimbo zilikuwa nusu mlingoti. Bendera ya tatu, ile ya majimbo ya Kusini yaliyopigana mwaka 1861 hadi 1865 kutetea utumwa, ilikuwa juu kabisa ya mlingoti wake mbele ya jengo. Sheria ya mwaka 2000 ilikuwa imeifunga mahali hapo, na hata gavana hakuwa na mamlaka ya kuishusha bila bunge. Seneta mweusi aliyeuawa kwa rangi yake alipitishwa mbele ya bendera aliyoipenda muuaji wake. Tarehe 27 Juni, Bree Newsome, mwanamke mweusi, aliupanda mlingoti akaishusha kwa mikono yake. Alikamatwa, na bendera ikarudishwa.

Mwanzoni mwa Julai maseneta 37 walipiga kura ya kuiondoa na 3 wakapinga. Baraza la Wawakilishi lilifuata kwa kura 94 dhidi ya 20, Gavana Nikki Haley akatia saini, na tarehe 10 Julai bendera ikashushwa. Kutoka mauaji hadi siku hiyo zilipita siku 23. Kilikuwa kitendo cha heshima, na waliopiga kura ile wanastahili sifa yake, kwa kuwa wengi wao walikwenda kinyume na wapiga kura wao wenyewe.

Mswada wa uhalifu wa chuki haukupata bahati hiyo. Mwakilishi Wendell Gilliard wa Charleston ameubeba kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 79 dhidi ya 29, na mwaka 2023 likaupitisha tena kwa kura 84 dhidi ya 31, nalo ni baraza lenye wingi mkubwa wa Warepublican. Chemba ya biashara ya jimbo na makampuni makubwa yaliuunga mkono. Mara zote mbili mswada ulifika Seneti ukafia huko bila kupigiwa kura na maseneta wote 46. Haukushindwa kwa hoja. Kwa kanuni za Seneti maseneta wachache wakiandika pingamizi, mswada hubaki katika orodha ya miswada yenye ubishi, na hautoki huko kwa urahisi bila uongozi kutaka kuutoa. Kwa hiyo hakuna seneta aliyelazimika kusimama hadharani, kwa jina lake, na kusema anaupinga mswada wa mwenzake aliyeuawa.

Isisemwe kwamba muda ulikosekana. Machi 2024, katika Bunge lilelile lililouacha mswada ufe, Gavana Henry McMaster alitia saini sheria inayomruhusu mtu mzima kubeba bastola bila kibali. Sheria hiyo ilijadiliwa na Seneti kwa siku nyingi, ikarekebishwa, ikapigiwa kura, ikapita.

2. Kesi ya Charleston ilitajwa chuki na mahakama nyingine

Jimbo lilimshtaki muuaji kwa mauaji 9, majaribio ya kuua, na kosa la silaha. Katika hati hizo mauaji ya Emanuel hayatofautiani na mauaji ya ujambazi wa dukani. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Loretta Lynch, alipotangaza mashtaka ya shirikisho mwezi Julai 2015, alieleza wazi kwamba South Carolina haina sheria ya uhalifu wa chuki, na kwamba kwa sababu hiyo mashtaka ya jimbo hayakugusa nia ya kibaguzi. Serikali ya shirikisho ikafungua mashtaka 33. Desemba 2016 baraza la mahakama lilimkuta na hatia katika yote, na tarehe 10 Januari 2017 likamhukumu kifo. Aprili mwaka huo alikiri makosa katika mahakama ya jimbo na kupewa vifungo 9 vya maisha. Desemba 2024, Rais Joe Biden alipowapunguzia adhabu wafungwa 37 kati ya 40 waliokuwa wakisubiri adhabu ya kifo chini ya sheria ya shirikisho, muuaji wa Charleston alikuwa mmoja wa watatu walioachwa.

Kwa hiyo haki ilitendeka, na wapo wanaosema kwamba kesi hiyo ndiyo ushahidi kuwa sheria ya jimbo haina kazi. Hoja hiyo inavutia kwa juu juu, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Mauaji ya watu 9 kanisani huishtua dunia nzima, na kwa uhalifu wa namna hiyo Washington itakuja yenyewe. Sheria ya jimbo inahitajika na yule ambaye Washington haitakuja kwa ajili yake: aliyepigwa kwenye maegesho ya magari, aliyechomewa ukumbi wa kanisa, aliyewekewa kitanzi mlangoni. Chini ya sheria ya shirikisho ya 2009, mashtaka ya aina hii hayafunguliwi mpaka Mwanasheria Mkuu wa Marekani au aliyemkaimisha athibitishe kwa maandishi. Ofisi hiyo ina majimbo 50 mbele yake, na vipaumbele vyake hubadilika kila anapokuja rais mpya.

Mfano ulitokea Conway, kaskazini-mashariki mwa jimbo, Novemba 2023. Wanandoa weupe walisimamisha msalaba wakauwasha moto ukielekea nyumba ya majirani zao weusi, watu wazima waliostaafu na kuhamia hapo. Maana ya msalaba unaowaka inajulikana kwa kila mtu mweusi wa Kusini mwa Marekani, kwa kuwa ndiyo salamu ya Ku Klux Klan kwa karne nzima. Polisi wa huko walichoweza kufanya ni kuwakamata kwa kosa la usumbufu. Miji ya Charleston, Columbia na Greenville imejitahidi kutunga sheria ndogo zake, lakini sheria ndogo ya mji haiwezi kuvuka kifungo cha siku 30 na faini ya dola 500. Adhabu hiyo ni ya mtu aliyepiga kelele usiku.

Seneti hii imejijengea jina la kutetea mamlaka ya majimbo dhidi ya serikali ya Washington. Katika jambo hili imeikabidhi Washington kazi yote, na raia wake waliotishwa wanangoja hisani ya ofisi iliyo mbali nao.

3. Pingamizi zinazotolewa hazisimami

Pingamizi la kwanza ni kwamba sheria kama hii inaadhibu mawazo ya mtu. Mahakama Kuu ya Marekani ililijibu mwaka 1993, katika shauri la Wisconsin v. Mitchell, kwa kauli moja ya majaji wote. Mtu ana uhuru wa kuamini anachotaka na kukisema, lakini akishapiga au kuua, nia iliyomfanya amchague mhanga wake inaweza kuzingatiwa katika adhabu. Sheria za nchi zote hutofautisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa bahati mbaya, na tofauti hiyo nayo imo moyoni mwa mtu. Mswada wenyewe haugusi hotuba, kitabu wala mahubiri. Unaanza kufanya kazi pale ambapo kosa la jinai lenye vurugu limekwisha kuthibitishwa, na unaongeza kifungo kisichozidi miaka 5 na faini isiyozidi dola 10,000.

La pili ni hofu kwamba waendesha mashtaka watabambika nia ya chuki kwa kila mtu. Nalo lina jibu tangu mwaka 2000, katika shauri la Apprendi v. New Jersey, lililotokana na mtu aliyefyatua risasi kwenye nyumba ya familia nyeusi iliyohamia mtaa wa weupe. Mahakama iliamua kwamba nia ya kibaguzi inayoongeza adhabu kupita kiwango cha juu kilichowekwa na sheria lazima ithibitishwe mbele ya baraza la mahakama, bila kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa amelindwa.

La tatu ndilo linalosikika mara nyingi zaidi: kwamba kila uhalifu ni wa chuki, na kifo ni kifo. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mtu akiuawa kwa sababu ya fedha zake, jirani asiye na fedha atasikitika, kisha atalala. Akiuawa kwa sababu ya rangi yake, kila mwenye rangi hiyo anajua kwamba risasi ilikuwa na anwani yake pia. Aliyechoma kanisa moja amewatisha waumini wa makanisa mia. Baada ya Juni 2015 makanisa ya watu weusi kote Marekani yalianza kuweka walinzi mlangoni na kufunga milango ya pembeni wakati wa ibada. Mgeni aliyekuwa akikaribishwa kiti na Biblia sasa anaangaliwa kwanza mikono. Hasara hiyo haimo katika hati ya mashtaka ya mauaji, kwa kuwa sheria ya mauaji inahesabu waliokufa tu.

Mswada, hata hivyo, haumlindi mtu mweusi peke yake. Unamlinda mweupe atakayeshambuliwa kwa weupe wake, Mkristo, Myahudi, Mwislamu, mlemavu, na mtu mwenye asili ya nchi nyingine. Miongoni mwa wakazi wa Columbia wamo Wabantu wa Somalia, ambao serikali ya Marekani ilianza kuwapokea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigua. Watu waliokimbia vita Somalia, ambako walibaguliwa kwa nywele na sura zao, wana haki ya kukuta sheria inayowatambua.

4. Sheria za South Carolina hazikuwahi kuona haya kuitaja rangi

Baada ya maasi ya watumwa kwenye mto Stono mwaka 1739, koloni la South Carolina lilitunga sheria ya 1740 iliyowakataza Waafrika kukusanyika, kulima chakula chao na kujifunza kuandika. Kanisa la Emanuel lenyewe lina asili katika ushirika ulioundwa na weusi wa Charleston kati ya 1816 na 1818, waliochoka kudhalilishwa katika makanisa ya weupe. Mwaka 1822 Denmark Vesey, fundi seremala aliyekuwa amejinunulia uhuru na mmoja wa viongozi wa ushirika huo, alishtakiwa kupanga uasi. Yeye na wenzake 34 walinyongwa, na kanisa likabomolewa. Desemba mwaka huohuo bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuwatia jela mabaharia weusi walio huru kila meli yao ilipotia nanga Charleston, mpaka itakapong'oa. Mwaka 1834 makanisa ya weusi yakapigwa marufuku, na waumini wa Emanuel walisali kwa siri mpaka vita vilipokwisha mwaka 1865.

Charleston ndiyo bandari iliyopokea sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote ya Waafrika walioletwa utumwani katika eneo ambalo leo ni Marekani. Kwenye gati la Gadsden, walikoshushwa wengi wao, leo pana makumbusho yaliyofunguliwa Juni 2023. Baraza la mji wa Charleston liliomba radhi kwa utumwa mwaka 2018. Kwa zaidi ya karne mbili, basi, vyombo vya kutunga sheria vya South Carolina viliona kwamba rangi ya mtu ni jambo la kuandikwa katika sheria, kwa makala ndefu na adhabu kali, ilimradi anayeadhibiwa ni mweusi. Maseneta wa leo hawana hatia ya sheria hizo. Lakini wanapoambiwa rangi iandikwe katika sheria mara moja, safari hii kwa kumlinda mhanga, na wao wakajibu kwamba sheria haitakiwi kuangalia rangi, jibu hilo linasikika tofauti katika masikio ya watu wa Charleston na jinsi linavyosikika ndani ya ukumbi wa Seneti.

5. Majimbo mengine yamejifunza kwa maafa yao

Ahmaud Arbery, kijana mweusi aliyekuwa akikimbia mazoezi, aliuawa na wanaume weupe katika jimbo jirani la Georgia Februari 2020. Georgia haikuwa na sheria ya uhalifu wa chuki wakati huo. Kabla ya Juni kwisha, gavana wa Republican, Brian Kemp, alikuwa ametia saini sheria hiyo, ikiungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili.

New York inatoa funzo kubwa zaidi. Tarehe 14 Mei 2022 kijana mweupe wa miaka 18 aliwaua watu weusi 10 katika duka kubwa la chakula mjini Buffalo. Maandishi aliyoyaacha yalimtaja muuaji wa Charleston, kama yalivyomtaja aliyewaua Waislamu 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, mwaka 2019. Mnyororo ulioanzia Emanuel umevuka bahari na kurudi. Lakini kwa Buffalo, jimbo lenyewe lilikuwa na sheria, iliyotungwa 2020, ya ugaidi wa ndani unaotokana na chuki. Muuaji alikiri kosa hilo katika mahakama ya jimbo Novemba 2022, na Februari 2023 akafungwa maisha bila uwezekano wa kutoka. Familia za Buffalo zilisikia mahakama yao wenyewe, katika mji wao wenyewe, ikitamka kwamba ndugu zao waliuawa kwa weusi wao. Familia za Charleston ziliyasikia hayo kutoka mahakama ya shirikisho tu.

6. Bastola ilipatikana kwa pengo ambalo bado liko wazi

Muuaji wa Charleston alikuwa amekamatwa na dawa za kulevya miezi michache kabla ya mauaji, na alikuwa amekiri. Kwa sheria ya shirikisho hakustahili kuuziwa silaha. Alipojaribu kununua bastola Aprili 2015, afisa wa FBI aliyekuwa akichunguza rekodi zake alielekezwa kwenye idara ya polisi isiyo sahihi kwa sababu ya kosa katika kumbukumbu za kukamatwa kwake, akakosa taarifa. Sheria inampa muuzaji ruhusa ya kuuza kama jibu halijaja ndani ya siku 3 za kazi. Siku zikapita, bastola ikauzwa. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, alikiri hadharani Julai 2015 kwamba mauzo hayo yalipaswa kuzuiwa. Oktoba 2021 serikali ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 88 kwa familia na manusura.

Baraza la Wawakilishi la Marekani limepitisha mara mbili, 2019 na 2021, mswada wa kurefusha muda huo, na Seneti ya Washington haikuupigia kura. Sheria ya shirikisho ya Juni 2022 iliongeza muda hadi siku 10 za kazi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Muuaji alikuwa ametimiza miaka 21 siku chache kabla ya kwenda dukani. Hata sheria mpya isingemgusa. Jimbo halizuiwi kuweka masharti makali zaidi ya yale ya shirikisho, na majimbo kadhaa yamefanya hivyo. South Carolina haijafanya.

7. Msamaha wa familia si ruhusa ya kukaa kimya

Tarehe 19 Juni 2015, siku mbili baada ya mauaji, baadhi ya ndugu wa marehemu walisimama mahakamani wakamwambia muuaji kwamba wanamsamehe. Dunia ilistaajabu, na viongozi wa South Carolina wamekuwa wakiutaja msamaha huo kila mwaka kama fahari ya jimbo. Msamaha ule ni wa waliousema. Wengine katika familia hizohizo hawakusamehe, na hawana deni kwa yeyote. Kuuchukua msamaha wa mjane au yatima na kuufanya ushahidi kwamba jimbo limepona ni kumnyang'anya mfiwa hata alichobaki nacho. Manusura na ndugu wa marehemu wamekwenda Columbia mara kwa mara kuuombea mswada huu. Wameketi mbele ya kamati wakasimulia tena usiku ule. Walipokewa kwa upole, wakapewa pole, wakarudi Charleston mikono mitupu.

Seneta Pinckney mwenyewe alikuwa na njia yake ya kushughulikia msiba. Aprili 2015 polisi mweupe alimpiga risasi mgongoni Walter Scott, mtu mweusi asiye na silaha, huko North Charleston. Pinckney alisimama katika Seneti kuutetea mswada wa kuwavisha polisi kamera. Mswada ulipita, na gavana akautia saini tarehe 10 Juni 2015, wiki moja kabla ya mauaji ya Emanuel. Kwake, rambirambi ya mtunga sheria ilikuwa ni kutunga sheria.

Haja zinazoombwa

Kwanza, mswada wa uhalifu wa chuki utolewe katika orodha ya pingamizi na upigiwe kura ya majina na Seneti nzima. Atakayeupinga aupinge kwa jina lake, na sababu zake ziingie katika kumbukumbu rasmi.

Pili, mswada uongezewe meno. Makosa ya kutishia watu na kuharibu mali, kama kuchoma msalaba au kuvunja makaburi, yamo katika maisha ya kila siku zaidi kuliko mauaji, na hayapaswi kuachwa nje ili kutafuta kura chache.

Tatu, idara zote za polisi na masherifu wa jimbo zilazimishwe kisheria kuandikisha na kuripoti matukio ya chuki, na maafisa wao wafundishwe kuyatambua. Taarifa zinazopelekwa FBI chini ya sheria ya shirikisho ya 1990 ni za hiari, na idara isiyoripoti huonekana kwenye takwimu kama mji wa amani. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. South Carolina imekwisha kuumbuliwa mara moja mbele ya dunia nzima.

Nne, sheria ya jimbo izuie muuzaji kukabidhi silaha kabla uchunguzi wa rekodi haujakamilika, au angalau irefushe muda zaidi ya siku 3 kwa wanunuzi wa umri wowote.

Tano, hayo yafanyike ndani ya Bunge la 126, ambalo ni la mwaka 2025 na 2026. Kwa utaratibu wa South Carolina mswada usiopita kufikia mwisho wa mwaka wa pili hufutika, na ni lazima uandikwe upya, upewe namba mpya na kuanzia tena mwanzo katika kamati. Mswada wenye jina la Pinckney umekwisha kufutika hivyo 2022 na 2024.